Tusilihamishe Jiko Mlimani

Shule zikaribiapo kufungwa mwezi wa Juni, katika kila nyumba yenye watoto huzuka swali lile lile: "Baba, mwaka huu tutakwenda wapi?" Wako wazazi wajibuo kwa ukali, kana kwamba mtoto ameomba jambo la aibu. Wako wajibuo, "Tutaona," na maana ya neno hilo mtoto ameshaijua. Na wako waitikiao upesi bila ya kufikiri, wakaja kujuta njiani. Mimi nilikuwa katika hao wa mwisho, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Huenda msomaji akauliza: Je, safari ya kupumzika ina nafasi katika maisha ya Mwislamu? Twakumbuka kisa cha masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe ameacha hata kujipamba, kwa kuwa mumewe mchana hufunga na usiku husali, hana haja na dunia. Salman akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema kuwa Salman amesema kweli. Hapo twajifunza kuwa kuwapa watu wa nyumbani sehemu ya wakati wetu ni kulipa deni. Wala si lazima deni hilo lilipwe kwa safari. Aliye na dhiki aweza kulilipa ufukweni kwa mkate wa kumimina na birika la chai. Lakini aliyejaliwa akiba kidogo na akataka kusafiri, yampasa ajue namna ya kuipanga safari hiyo, isije ikawa deni juu ya deni.

Mji tuliouchagua

Sisi ni watu wa Tanga, na kwa watu wa Tanga mlima ulio karibu ni Usambara. Mji wa Lushoto uko juu ya milima hiyo, kiasi cha meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Basi hutoka Tanga kwa njia ya Muheza, Segera na Korogwe hata Mombo, mji mdogo ulio chini ya mlima. Hapo huiacha barabara kuu na kupanda kilometa 33 za kona juu ya kona, likapita Soni penye maporomoko ya maji, hata Lushoto. Wadachi walipoitawala nchi waliuita mji huo Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na wakubwa wa serikali yao walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto la pwani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Basi kuutamani ubaridi wa Usambara si jambo jipya kwa watu wa pwani. Zamani ulikuwa ni wa wakubwa; leo hata mtu wa mshahara mdogo aweza kuupata, akijipanga.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Safari yetu ya kwanza niliipanga peke yangu. Nilitaka iwe jambo la kuwashtukiza watoto kwa furaha, na kwa ajili hiyo nikamficha hata mama yao. Usiku wa kuamkia safari nikamwambia, "Funga nguo, kesho twenda Lushoto." Alinitazama, akauliza, "Kesho, Bwana?" Nikacheka, nikadhani ni furaha iliyomshika.

Tuliondoka adhuhuri kwa kuwa asubuhi ilikwisha katika kufunga mizigo. Kwenye kona za Soni binti yetu wa kati alishikwa na kigegezi akatapika juu ya nguo zake na za jirani. Tulifika magharibi imekwisha kuingia, ukungu umeshuka, watoto wamevaa nguo za Tanga, hatuna chumba. Nyumba ya wageni tuliyoipata kwa kubahatisha ilikuwa na kilabu cha pombe ubavuni, na ngoma za humo hazikunyamaza hata usiku wa manane. Kitanda kimoja, blanketi moja.

Siku ya pili kitindamimba wetu alianza kukohoa, na usiku wake kifua kikambana hata akawa anavuta pumzi kwa shida. Tulimkimbiza kwa daktari. Daktari, alipokwisha kumpa dawa na mtoto akatulia, alinigeukia mimi baba akauliza, "Je, mtoto huyu amepata kubanwa kifua kabla ya leo?" Nikajibu, "La." Mama yake akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, daktari. Kila mwaka kusi ikianza kuvuma humbana siku mbili tatu, na dawa yake ya kuvuta iko nyumbani kabatini."

Mimi baba yake nilikuwa silijui jambo hilo. Na yeye aliyelijua, sikumwuliza.

Siku ya nne tulirudi. Katika siku zote hizo mama watoto alikuwa amepika juu ya jiko la kuazima, amefua kwa maji ya baridi, amelala akimkalia mgonjwa. Tulipofika Mombo nilimwuliza, kwa kutaka kujiliwaza, kama amepumzika japo kidogo. Akanijibu bila ya hasira, "Mimi sikupumzika, Bwana. Nililihamisha jiko langu mlimani, na sasa nalirudisha."

Juu ya hayo, fedha niliyoitumia ilikuwa ni ada ya shule ya muhula uliofuata. Nilikopa kuilipa, na mkopo ule haukumalizika hata Novemba.

Mashauriano

Katika Qur'ani iko sura nzima iitwayo Shura, yaani mashauriano, na humo waumini wanasifiwa kuwa mambo yao huamuliwa kwa kushauriana. Tena katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, hata jambo la kumwachisha mtoto ziwa latajwa kuwa ni la baba na mama kuridhiana na kushauriana. Niliposikia darasa ya aya hiyo msikitini niliona haya. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka shauri la wawili, je, kumpandisha mlimani katika baridi?

Basi safari ya pili ilianza kwa mkutano, miezi minane kabla ya kuondoka, baada ya sala ya isha, watu wote wa nyumba wamekaa mkekani. Kila mmoja alitakiwa aseme jambo moja alitakalo na jambo moja alichelealo. Mkubwa alitaka kupanda msituni. Binti alitaka kumwona kinyonga mwenye pembe, akachelea kutapika tena. Mdogo alitaka mpira. Mama yangu mzazi, ambaye twakaa naye, alisema magoti yake hayataki ngazi. Mama watoto alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nataka siku mbili nisiulizwe na mtu, Leo twala nini?"

Kwa maneno hayo tu nusu ya safari ilikwisha kupangwa. Tulijua ya kuwa twahitaji nyumba ya chini isiyo na ngazi, dawa ya kifua, dawa ya kigegezi, na mpango wa chakula usiomwangukia mtu mmoja.

Fedha

Mwalimu wa uchumi si mimi, lakini nitataja tulilolifanya likatufaa. Tulichukua bahasha nne, tukaziandika: Nauli, Malazi, Chakula, na Akiba. Kila mwisho wa mwezi kila bahasha ilitiwa kitu, hata kama ni kidogo. Bahasha ya Akiba ilikuwa ni ya ugonjwa na mambo yasiyotarajiwa, na sharti lake ni kuwa haifunguliwi kwa ajili ya raha. Ada za shule, deni na matumizi ya wazee yalitolewa kwanza, kabla ya bahasha hizo kuguswa. Na tuliafikiana kuwa ikifika mwezi wa mwisho bahasha hazijatosha, tutapunguza siku, hatutakopa. Kwa kweli hazikutosha. Tulitaka siku kumi, tukaenda saba. Watoto walinung'unika siku moja, wakasahau.

Faida kubwa ya bahasha ni kuwa watoto waliziona. Mtoto aionapo fedha ikikusanywa miezi minane hataiomba soda kila kituo cha basi.

Kuchagua wakati

Mwenye kupanga aangalie kalenda tatu. Ya kwanza ni ya shule. Ya pili ni ya mvua. Masika hunyesha Machi hata Mei, na barabara za milimani huwa za utelezi na maporomoko ya udongo. Vuli ni Oktoba hata Desemba. Juni na Julai mvua hupungua lakini baridi ni kali, na usiku yaweza kukaribia digrii 10. Desemba na Januari kuna joto zaidi, na ndio majira ya plamsi na mafyulisi sokoni, ila mwavuli usikosekane.

Ya tatu ni kalenda yetu ya mwezi, ambayo wengi huisahau. Sikukuu ya Kuchinja iliangukia mwezi wa Juni katika miaka ya 2023, 2024 na 2025, na kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja. Ramadhani nayo yaelekea kwenye likizo ya Desemba. Mwaka 2030 yatazamiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Asiyeangalia hayo mapema atajikuta amelipia chumba cha mapumziko katika siku alizopaswa kuwa nyumbani na jamaa zake.

Hata siku ya juma ina hesabu yake. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi twajua kuwa anayewajibikiwa na sala ya Ijumaa hafai kuondoka siku hiyo baada ya alfajiri, ikiwa safari itamkosesha sala hiyo. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipenda kutoka safarini siku ya Alhamisi, na kuwa aliwaombea umati wake baraka za asubuhi. Basi tulitoka Alhamisi, jua halijapanda, na Ijumaa ilitukuta Lushoto, tukasali pamoja na wenyeji, ambao Waislamu ni wengi miongoni mwao.

Nyumba ya kufikia

Usiende bila ya kujua utalala wapi. Simu i mkononi. Piga, uliza, na uandike majibu. Sisi tuliuliza haya: Je, pauzwa pombe hapo au jirani? Msikiti u umbali gani? Maji ya moto yapo asubuhi, wakati wa kutawadha? Kila kitanda kina mablanketi mangapi? Jiko laweza kutumiwa na wageni? Kuna ngazi? Na jambo ambalo wazazi wengi huliona dogo: vitanda ni vingapi? Mafunzo ya dini yetu ni kuwa watoto wafikapo miaka kumi watengwe katika malazi, na safarini hukumu hiyo haiondoki. Tulichukua vyumba vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa: cha wavulana, cha binti na bibi yake, na chetu. Kisha tulituma arubuni kwa simu, tukahifadhi risiti.

Hapa nataka kuonya juu ya jambo la hatari. Baridi ikizidi, wako watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Mtume (s.a.w.) aliagiza moto uzimwe watu wanapolala, na agizo hilo lingali likiokoa roho za watu hata leo. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Mizigo

Kila upandapo meta 1,000 joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6 hivi. Aliyeondoka Tanga ametokwa na jasho atafika Lushoto akitafuta sweta. Kila mtoto awe na sweta mbili, soksi, viatu vya kufunika mguu, kofia ya sufi na koti la mvua. Jua la mlimani nalo huchoma ngozi ijapokuwa hewa ni baridi, basi kofia ya mchana nayo isisahauliwe. Mbu ni wachache kuliko pwani, lakini wapo, na Mombo ni nchi ya joto. Chandarua kina faida. Mfuko wa dawa ubebwe mkononi, usiwekwe chini ya basi. Sisi tuliandika karatasi yenye jina la kila mtoto, ugonjwa wake na dawa zake, nakala moja kwa mama na moja kwangu. Karatasi ile sasa naijua kwa moyo.

Njiani

Kigegezi hupungua mtoto akila chakula kidogo kikavu kabla ya safari, akakaa mbele, akatazama mbali nje ya dirisha wala si kwenye simu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Basi chukueni kopo lenye mfuniko, na kitambaa kibichi.

Lakini dawa iliyotufaa zaidi katika zile kona tuliitoa katika mafunzo ya masahaba. Imepokewa kuwa walikuwa wakipanda mahali pa juu husema Allahu Akbar, na wakiteremka husema Subhana Llah. Niliwaambia watoto wakae macho: kila kilima takbiri, kila mteremko tasbihi. Toka Mombo hata Soni tulileta takbiri hata utingo wa basi akaitikia pamoja nasi. Binti yetu, kwa kushughulika kutazama kama twapanda au twateremka, alisahau kutapika. Maporomoko ya Soni yalipotokea chini ya barabara, watoto wote walinyamaza kwa pamoja. Nikajua ya kuwa safari imeanza.

Kuhusu sala, safari ya Tanga hata Lushoto imezidi masafa ya kupunguza sala. Lakini katika madhehebu yetu, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala kamili tangu afikapo. Sisi tulikuwa na siku tano kamili, basi Lushoto tulisali rakaa nne zetu. Katika kurudi tulisali adhuhuri kamili kabla ya kuondoka, na alasiri tukaisali Korogwe rakaa mbili. Kwa watoto ilikuwa ni mara yao ya kwanza kuiona rukhsa ile ikitumika. Somo la kitabuni lilikuwa limesomwa mara nyingi. Siku ile lilifahamika. Mwenye mashaka na amwulize sheikh wake kabla ya kutoka.

Zamu za jiko

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alieleza kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, hakuona haya, nani mimi nione haya ya sufuria?

Tuliandika zamu tangu nyumbani. Asubuhi chai na mkate wa nyumba ya wageni. Mchana chakula cha kununua mjini. Usiku twapika wenyewe: siku mbili mimi, siku mbili mkubwa na nduguye, siku moja binti na bibi yake, kwa hiari yao. Mama watoto hakuandikwa. Vyombo huoshwa na asiyepika.

Zamu yangu ya kwanza nilibandika maharage baada ya alasiri, kama tufanyavyo Tanga. Isha ikaingia, maharage magumu. Nikatia kuni, yakachemka kwa kelele, yakabaki magumu. Mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alinieleza kuwa mlimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na joto la kiasi cha digrii 95 tu badala ya 100. Kwa hiyo kitu kigumu hukawia kuiva. Tulikula saa nne ya usiku. Mama watoto alikuwa amekaa kibarazani, amejifunika blanketi, anacheka hata machozi yanamtoka. Hakunyanyuka. Naliona hilo kuwa ni ushindi mkubwa kuliko maharage.

Siku zilivyopita

Msiwapangie watoto mambo mengi. Jambo moja kubwa kwa siku latosha, na mengine yaachiwe nafasi yake.

Siku moja ilikuwa ya Magamba, msitu uliohifadhiwa juu ya mji. Tulilipa ada inayotakiwa tukachukua kiongozi mwenyeji, na hilo nalisisitiza, kwani ukungu hushuka upesi na njia hupotea. Tuliwaona mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wakirukaruka juu ya miti, na binti alimwona kinyonga wake mwenye pembe mbili puani, ambaye makao yake ni milima hii. Hakumshika, alikaa kumtazama nusu saa. Tukaelezwa pia khabari ya ua dogo la zambarau litokalo katika miamba yenye kivuli ya Usambara, ambalo Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya katika miaka ya 1890. Leo ua hilo hupandwa madirishani duniani kote, na Wajerumani hadi sasa huliita kwa jina la Usambara.

Siku nyingine ilikuwa ya soko: karoti, kabichi, viazi na maharage ya kila rangi. Tuliwafundisha watoto maamkizi ya Kishambaa, "Onga maundo" kwa asubuhi, na "Hongea" kwa kushukuru. Mgeni anayeamkia kwa lugha ya wenyeji hupokewa kwa uso mkunjufu. Kadhalika tuliwaonya wasimpige mtu picha bila ya ruhusa, na takataka zetu tulirudi nazo mjini.

Usiku bibi yao alisimulia khabari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akamwua simba huko Vuga, na Washambaa wakamfanya mfalme wao, ukaanza utawala wa Wakilindi. Kisa hicho kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Mtoto aliyetoka kuyaona mabonde yale mchana, usiku hasinzii akisikia yaliyotokea humo.

Siku ya mwisho

Siku ya mwisho tulitembea hata Irente, kiasi cha kilometa 5 kutoka mjini. Hapo mlima hukatika ghafla. Chini, kiasi cha meta 1,000, yaonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde, na mbele yake nyika ya Wamasai imenyooka hata macho yachoke. Mahali hapo kila mtoto ashikwe mkono, wala asiachiwe kuusogelea ukingo, hata akiwa mkubwa. Qur'ani imeitaja milima kuwa ni vigingi vya ardhi. Watoto walioisoma Sura ya An-Nabaa chuoni walikumbushana wenyewe, bila ya kuambiwa.

Upepo ulivuma. Mdogo, mwenye dawa yake mfukoni, alikuwa amemlalia bibi yake aliyeletwa kwa motokaa. Kifua chake kilikuwa kimya. Mama watoto alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo na ukingo. Nilimtazama kitambo nisifahamu ni kitu gani kilichokuwa kigeni kwake, kisha nikafahamu: mikononi mwake hamkuwa na kitu. Hapakuwa na mtoto, wala kikapu, wala kisu, wala nguo ya kukunja. Katika miaka kumi na saba ya ndoa yetu nilikuwa sijamwona hivyo mchana.

Nikamwuliza, "Jiko umelileta?"

Akasema, "Nimeliacha Tanga, Bwana. Tutalikuta."

Ndugu wasomaji, mlima si lazima uwe Usambara. Anayekaa Moshi ana mlima wake, wa Morogoro ana Uluguru, wa Mombasa ana milima ya Taita. Wala si lazima siku ziwe saba. Lililo lazima ni kuwa kabla ya kuuliza nauli tuwaulize watu wetu: mwataka nini, mwachelea nini? Majibu yao ndiyo yatakayofunga mizigo. Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu salama ya kwenda na ya kurudi, na azijaalie nyumba zetu ziwe ni mahali pa kupumzikia hata siku ambazo hatusafiri. Amin.